Barua ya wazi kwa wakuu wa mji wa Lubumbashi kuhusu barabara zinazodanganya macho

Waheshimiwa wakuu wa mji na wa jimbo, waheshimiwa wahandisi mnaochora na kusimamia barabara zetu,

Nawaandikia kwa heshima, nikiwa mkazi wa Lubumbashi ambaye kazi yake, kwa zaidi ya miaka 20 sasa, ni kuketi kando ya mtu anayejifunza kuendesha gari. Kazi hiyo imenipa nafasi ambayo wengi hawaipati: kila siku naitazama barabara pamoja na mtu anayeiona kwa mara ya kwanza akiwa kwenye usukani, na nasikia kwa kinywa chake mwenyewe kile alichokiona na kile kilichompita. Nimeona mji wetu ukitiwa lami mpya sehemu nyingi, na nashukuru kwa hilo, maana nayakumbuka mashimo na vumbi tulivyovizoea. Lakini kuna jambo moja ambalo lami hiyo imelileta pamoja na faida zake, na ningependa mlisikie kutoka kwa mtu anayeliona kila asubuhi.

Hivi karibuni nilikuwa na mwanafunzi, mama mtu mzima mwenye uangalifu mwingi, anayepunguza mwendo hata pale ambapo hakuna mtu. Tulipoingia katika barabara mojawapo iliyojengwa upya, pana, iliyonyooka, isiyo na mti wala ukuta karibu, nilifunika kipimo cha mwendo kwa daftari langu nikamwuliza anakwenda kilomita ngapi kwa saa. Akajibu bila kusita: «Arobaini, mwalimu.» Nilipoondoa daftari, mshale ulikuwa umepita 65. Alishtuka kiasi cha kukanyaga breki kwa nguvu. Siku mbili baadaye tulikuwa katika mtaa wa zamani wa Kamalondo, wenye nyumba zilizokaribia njia, watu waliokaa barazani na miti inayofunika nusu ya barabara. Nikarudia swali lile lile kwa mtu yule yule, naye akajibu tena arobaini. Mara hii alikuwa anakwenda 28.

Mama huyu hakusema uongo siku yoyote kati ya hizo mbili. Jicho la binadamu halipimi mwendo kwa namba. Linaupima kwa vitu vinavyopita pembeni, na kadiri vitu hivyo vilivyo karibu na vingi, ndivyo mtu anavyohisi kwamba anakimbia. Ukiviondoa vyote, ukapanua njia na kuilainisha, dereva hubaki na upeo wa mbali tu, na upeo wa mbali hausogei. Kibao cha 40 kilichosimama mwanzoni mwa barabara hiyo kinamwambia jambo moja, na barabara yenyewe inamwambia jingine kwa kilomita 2 mfululizo. Katika mabishano hayo barabara ndiyo hushinda, na hushinda hata kwa dereva mwema.

Jambo hili lilishachunguzwa zamani. Mwaka wa 1995, huko Uholanzi, watafiti Jan Theeuwes na Hans Godthelp waliandika juu ya barabara zinazojieleza zenyewe, yaani barabara ambazo umbo lake peke yake linamfahamisha dereva yuko mahali gani, akutane na nani, na aende kwa mwendo upi. Miaka miwili baadaye, mnamo Oktoba 1997, bunge la Uswidi lilipitisha sera inayokubali kwamba binadamu atakosea daima, na kwamba ni wajibu wa wale wanaojenga na kuendesha barabara kuhakikisha kosa la kawaida halilipwi kwa uhai. Nimelitafakari sana wazo hili la pili, kwa sababu sisi hapa tumezoea kinyume chake. Ajali ikitokea tunauliza ni nani mwenye kosa, tukishampata tunaondoka, na mahali penyewe panabaki kama palivyokuwa, pakimngoja mwingine. Simtetei dereva mlevi wala anayeendesha huku anaandika kwenye simu, huyo aadhibiwe. Lakini pale ambapo watu kumi wasiojuana wamekosea kosa moja mahali pamoja, kosa hilo si lao peke yao.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, kwamba ajali ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, na kwamba Afrika ndiyo yenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo hivyo kwa kulinganisha na idadi ya watu wake, ingawa magari yetu ni machache. Zaidi ya nusu ya wanaokufa duniani ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa pikipiki. Yaani ni watu wa aina ile ile wanaotoka katika vitongoji vyetu vya Katuba na Kenya alfajiri kwenda mjini, na wale wanaosukuma baiskeli zenye magunia ya makala (makaa) kutoka nje ya mji.

Naomba sasa mnifuate mpaka mbele ya shule moja ya msingi ninayopita karibu nayo kila siku ya kazi. Kivuko cha mistari myeupe kilichorwa pale mbele ya lango la zamani, ambalo lilikwisha kufungwa. Watoto wanatoka kwa lango jingine, hatua kama 60 kutoka hapo. Hata mtoto mtiifu akirudi nyuma mpaka kwenye mistari, atakuta upande wa pili mtaro wa maji mpana, usio na bamba la kuvukia. Bamba lipo mkabala na lango jipya. Liliwekwa na mume wa mama anayeuza maandazi, ili wateja wake wasiruke mtaro. Basi saa sita na nusu, kengele ikilia, mashati meupe yote yanaelekea kwenye bamba hilo kama maji yanavyoelekea bondeni, na kivuko kilichogharimiwa rangi kinabaki kitupu. Watu wazima wanaopita husema watoto hawa hawana nidhamu. Mimi nimewatazama kwa miaka mingi, na naona kwamba wamesoma ardhi vizuri kuliko aliyechora mistari. Njia iliyokanyagwa na miguu yao kwenye nyasi inaonekana wazi. Mhandisi angesimama pale nusu saa tu, angejua kivuko kinapaswa kuwa wapi bila kupima chochote.

Tena tuwaelewe watoto hao kwa namna macho yao yalivyo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba watoto wa shule ya msingi hawawezi kutambua kwa uhakika gari linalowajia likiwa linakwenda kasi kupita kilomita 30 hivi kwa saa, kwa kuwa umbo la gari linaongezeka taratibu mno machoni mwao, na akili changa inaliona kama limesimama. Mtoto anatazama kushoto na kulia kama alivyofundishwa, analiona gari, na bado anaingia. Hapo hesabu inakuwa ya dereva. Anayekwenda kilomita 30 kwa saa, akiwa macho na breki zake ni nzima, anasimama ndani ya mita 13 au 14. Anayekwenda 50 anasafiri karibu mita 14 katika sekunde moja, kabla mguu wake haujafika kwenye breki. Kwa hiyo mtoto aliyeko mita 14 mbele anaokoka kabisa kwa dereva wa kwanza, na kwa dereva wa pili anagongwa kwa mwendo kamili wa 50. Somo hili nawafundisha wanafunzi wangu kwa chaki juu ya lami, na kila mara kuna anayeomba nipime upya kwa sababu haamini.

Kuna jambo jingine ambalo ni la mji wetu kwa namna ya pekee. Sheria yetu inatutaka tuendeshe upande wa kulia, lakini magari mengi yanayotembea Lubumbashi yalitengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto, yakaletwa kwa bei ambayo watu wetu wanaiweza, na usukani wake uko kulia. Tumeyazoea kiasi kwamba hatuoni tena yanachotufanyia. Dereva wa gari la namna hiyo, akiwa nyuma ya lori la madini, amekaa upande wa majani. Ili ajue kama mbele ni salama kupita, inambidi atoe nusu ya gari katikati ya barabara, mahali anapokutana uso kwa uso na anayekuja. Ndiyo maana konvoyeri, yaani msaidizi wa dereva, aliyekaa kushoto ndiye anayemwambia «pita» au «ngoja», na maisha ya abiria wote yanategemea macho ya kijana ambaye hakuna aliyempima macho wala kumfundisha.

Mlango ni jambo baya zaidi. Katika teksibasi hizo mlango wa abiria uko kushoto, yaani kwetu unafungukia katikati ya barabara. Miaka michache iliyopita kijana wa jirani yangu, fundi cherehani mwenye mikono mizuri, alishuka hivyo jioni akiwa na kitambaa cha mteja kwapani. Gari lilikuwa limesimama vizuri ukingoni. Yeye alifungua mlango akaweka mguu chini kama ambavyo sote tungefanya, na pikipiki iliyokuwa inalipita gari ikamchukua. Aliyekuwa juu ya pikipiki hakutarajia mtu atokee upande ule, kwa kuwa kila alichofundishwa kinamwambia abiria hushukia kulia. Leo kijana anashona kwa cherehani ya mkono kwa sababu hana tena mguu wa kukanyagia. Nilikwenda kumtazama akiwa kitandani, naye aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: alipaswa kufanya nini tofauti?

Wakati magari haya bado yapo, na yatakuwepo kwa miaka mingi, barabara inaweza kuyasaidia. Kituo cha teksibasi kikiingizwa ndani, kikatengwa na njia kuu kwa ukingo mpana wa zege, abiria anayeshukia kushoto atakanyaga ukingo huo wala si njia ya pikipiki, kisha atavuka mbele ya gari lililosimama, mahali palipoinuliwa. Na kwa magari yanayobeba watu kwa malipo, ninaamini wakati umefika wa kudai mlango uhamishiwe kulia kabla ya kibali kutolewa. Mafundi wetu wa kuchomelea wanaiweza kazi hiyo.

Usiku una udanganyifu wake. Mtu anayetembea kando ya barabara, umeme ukiwa umekatika, anaona taa za gari kutoka mbali sana, na kwa hiyo anaamini kwamba naye ameonekana. Si kweli. Aliyevaa nguo nyeusi, kwa mwanga wa taa za chini, mara nyingi anatokea machoni mwa dereva akiwa umbali wa mita 30 hivi, na gari la kilomita 60 kwa saa linahitaji zaidi ya mita 35 kusimama. Naomba taa chache za jua tunazozipata zianze kuwekwa pale watu wanapovukia na pale teksibasi zinaposimama, kabla ya kupambia njia zinazopita mbele ya majengo makubwa. Na pikipiki ziwashe taa hata mchana, kwa sababu kitu chembamba kinachokuja moja kwa moja huonekana kiko mbali kuliko kilivyo, na mama anayevuka na beseni kichwani hupima umbali huo vibaya bila kosa lake.

Lango la mji kutoka mpaka wa Kasumbalesa nalo linahitaji mawazo. Dereva wa lori anayetoka Zambia amebadili upande wa barabara mpakani, pengine baada ya siku kadhaa za foleni, kisha amekimbia kilomita 90 hivi kwenye njia kuu. Macho yake yamezoea kasi. Akipunguza mpaka 60 anahisi anatambaa, na hapo ndipo anapoingia katikati ya vibanda, wauza mahindi na wanafunzi. Mahali kama hapo panahitaji mlango unaoonekana na kusikika: njia ibanwe kwa ukingo, miti ipandwe pande zote mbili, na lami iwekewe mistari ya matuta madogo inayotikisa gari. Huko Ghana, kwenye makutano ya Suhum katika barabara kuu ya Accra hadi Kumasi, mistari ya namna hiyo ilipunguza ajali kwa asilimia 35 hivi na vifo kwa asilimia 55, kati ya Januari 2000 na Aprili 2001. Wangeweza kuweka vibao zaidi, na hakuna ambaye angevisoma.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kuiga. Dar es Salaam, bandari ambayo magari yetu mengi hupitia kabla ya kufika hapa, shirika liitwalo Amend lilitengeneza mazingira ya shule za msingi kwa vitu vya bei ndogo: njia za miguu, matuta, vivuko, nguzo za kuzuia magari, na hata kuhamisha lango la shule lililofungukia kwenye hatari. Majeraha ya watoto kuzunguka shule hizo yalipungua kwa zaidi ya robo, na mwaka wa 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji. Kilichonigusa ni kwamba walianza kwa kuwauliza watoto wanapita wapi. Na sisi wenyewe tunalo la kujivunia: mwaka wa 2013 Kinshasa iliweka roboti za kuongoza magari, kazi ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake, zenye kimo kirefu, mikono inayoinuka na kifua kinachogeuka, kwa sababu waliozibuni walielewa kwamba dereva wa Kongo anamtafuta mtu wa kumtazama. Huo ni uhandisi unaoanzia kwenye jicho.

Najua kwamba mji huu ulichorwa tangu 1910 kwa mitaa iliyonyooka, na kwamba wafanyakazi waliwekwa upande wa pili wa ukanda mtupu uliowatenga na mji wa Wazungu. Barabara zinazounganisha pande hizo mbili hazikumfikiria anayetembea, na mpaka leo wengi wetu tunaukata mji kwa miguu juu ya mchoro ambao haukutuhesabu. Hilo si kosa lenu. Lakini kila barabara inapopanuliwa bila njia ya miguu, mchoro ule unarudiwa kwa fedha zetu wenyewe.

Naomba pia neno moja kuhusu jakaranda. Zinapokatwa ili kuongeza upana, tunapoteza kivuli na maua ya Septemba na Oktoba, na pia tunaondoa kile kilichokuwa kinamwambia dereva kwamba anakwenda kasi. Mhandisi atanijibu kwamba mti ni hatari kwa gari linaloacha njia, na kwenye barabara kuu ya mwendo mkubwa ana haki kabisa. Ndani ya mji, mbele ya shule na soko, mti uliosimama nyuma ya ukingo unamlinda yule aliyeko nyuma yake.

Ninachoomba kwenu ni kwamba, kabla mchoro wa barabara yoyote ya mji haujatiwa sahihi, wanaouchora waitembee barabara hiyo kwa miguu mara tatu: asubuhi wakati wa shule, jioni wakati wa teksibasi, na usiku bila umeme, wakiwa pamoja na mwalimu, mama wa sokoni, dereva wa pikipiki na mtu asiyeona au anayetumia fimbo. Kwenye barabara zilizokwisha kujengwa, ombi langu ni kuanza na shule. Vivuko vihamishwe mpaka pale miguu ilipokwisha kuchagua, viinuliwe kama dodani pana, yaani tuta, ili gari lipande taratibu na mtoto abaki juu kidogo mahali anapoonekana, mitaro ifunikwe mkabala navyo, na njia za magari zipunguzwe upana hapo mpaka 30 iwe mwendo ambao dereva anauona wa kawaida. Rangi peke yake haitoshi. Mvua za Januari huifuta, na lori la kwanza lenye matope humaliza kazi.

Kuhusu ile shule niliyoieleza, sihitaji tena kuandika zaidi. Ninapita hapo kila siku ya masomo, na mwanafunzi wangu akimaliza zamu yake kiti cha nyuma huwa kitupu. Kama mmoja wenu au mhandisi wenu yuko tayari, nitamchukua mapema, tutaegesha karibu na mama wa maandazi, na saa sita na nusu kengele itakapolia ataona mwenyewe mashati meupe yanakokwenda. Bamba la zege la upana wa mita 2 na ndoo chache za rangi zinatosha kwa siku ya kwanza, na wazazi wamekwisha kuniambia kwamba mchanga wataubeba wao.

Nawaombea nguvu na afya katika kazi yenu.

Mwalimu wa udereva, mkazi wa Kampemba,
Lubumbashi